Fungua bawa la nyuma kabla hujanunua dawa

Wakulima wa machungwa na machenza, nawaomba tusikilizane. Msimu huu tena watu wamebeba bomba mgongoni saa nne asubuhi wanapuliza dawa ya nzi wa matunda kwenye machungwa yaliyoshaiva, na kesho yake yanaendelea kudondoka vilevile. Hela imekwenda, na chungwa lenye dawa mbichi mtoto analichuma keshokutwa. Jamani, mnampulizia mdudu ambaye hayupo.

Anayetoboa hapo mara nyingi ni nondo mtoboa matunda, na mchana yuko zake porini. Mitego ya nzi haimvuti hata kidogo.

Hakikisha hivi. Asubuhi chuma chungwa ambalo bado liko mtini, narudia, MTINI, sio lile lililooza chini, maana tundu likishakaa siku mbili tatu nzi nao wanaingia, ukipasua unakuta funza unadhani mwizi umempata. Tundu la nondo ni la duara, dogo kiasi cha kichwa cha pini, ukiliminya chungwa juisi inaruka hapohapo. Kata: nyama chini ya tundu imenyonywa imekauka, na funza hakuna.

Sasa mdudu mwenyewe. Kosa la pili ni kumtambua kwa mabawa ya mbele, ambayo akitulia yanafanana kabisa na jani kavu, halafu dume na jike hawafanani, ndio maana mnabishana. Sukuma bawa la mbele taratibu kwa kijiti uone la nyuma: rangi ya chungwa iliyokolea, ukingo mweusi, na katikati alama nyeusi. Alama ikiwa imepinda umbo la figo ni Eudocima phalonia, ikiwa doa la duara ni Eudocima materna, na wote wawili wanatoboa. Tandaza mabawa upime kwa rula ncha hadi ncha, utapata kama sentimita 8 hadi 10. Rula jamani, sio kukisia kwa vidole.

Vile vinondo vidogo vya kijivu mnavyovikuta kwenye tunda vingi vinanyonya tundu ambalo mwingine ameshatoboa. Na yule nondo mkubwa zaidi mwenye alama za macho kwenye mabawa mwacheni, akishaota mabawa hana mdomo wa kulia kabisa, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi, sasa mnamuua kwa kosa gani?

Viwavi wa mtoboa matunda pia msiwatafute kwenye mchungwa, wanakulia kwenye mimea fulani ya kutambaa huko porini. Hao mnaowaona kwenye majani ya mchungwa ni wa kipepeo, kesi nyingine hiyo.

Dawa yake ni tochi na wavu. Anaingia shamba giza likishashika, na pilika kubwa ni saa mbili mpaka saa tano usiku, kwa hiyo ukitoka saa kumi na mbili na nusu ukarudi saa moja kula usiniambie hukuona kitu. Mulika matunda, macho yake yanang'aa rangi ya moto. Anza pale matunda ya kwanza yanapobadilika rangi, sio yakianza kudondoka, na iwe kila usiku hadi kuvuna, sababu wapya wanatoka porini kila siku. Machenza ya miti michache nyumbani yafungeni mifuko ya karatasi kabla hayajageuka rangi. Yaliyodondoka yafukieni sentimita 50 kwenda chini siku hiyohiyo, kulundika chini ya mti ni kuwaita kwa harufu.

Yakipungua ya kuokota asubuhi, mnaenda vizuri.

Mkiwa na shaka mleteni nondo huyo ofisi ya kilimo kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mkimshika kwa mwili sio kwa mabawa, maana ule unga ukifutika na alama ndio zimekwenda nao.