Somo: Kupunguza uzito bila kupika sufuria mbili

Somo hili ni la mzazi anayetoka nyumbani alfajiri, anarudi giza limeingia, na akifika bado jikoni kunamngoja. Sitatoa ratiba ya siku saba yenye parachichi asubuhi na samaki wa kuchoma usiku. Ratiba hizo zinamfaa mwenye muda na pesa, na huvunjika siku ile mtoto akiamka na homa.

Msimamo wangu ni huu: usijipikie chakula chako cha dayati pembeni. Badilisha sufuria ya nyumba nzima, kisha wewe punguza kipimo kwenye sahani yako. Mwenye sufuria mbili huchoka mapema. Atakula ya kwake isiyo na ladha, halafu usiku atamalizia wali wa watoto akiwa amesimama karibu na sinki.

Hatua ya 1: Jipime

Chukua futikamba ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kubana tumbo. Kwa mwanamke, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80. Kwa mwanaume, sentimita 94. Kama una mizani, panda mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Kupanda kila siku kutakuvuruga bure, maana uzito hupanda na kushuka kwa sababu ya maji na chumvi tu.

Lengo ni nusu kilo kwa wiki, au pungufu ya hapo. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia kitu.

Hatua ya 2: Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu uzito unaingilia mlango huu, na watu wanaulaumu ugali peke yake.

Lita moja ya mafuta ya kupikia ina zaidi kidogo ya kalori 8,000. Haijalishi ni ya alizeti, mawese, pamba au yale ghali yenye picha ya moyo kwenye lebo. Mafuta yote yana kalori takriban 9 kwa gramu. Chukua familia ya watu watano inayomaliza lita kwa siku tano. Ukigawa, kila mtu anapata kama kalori 330 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake, na mtu mzima anapata zaidi ya hapo kwa sababu sahani yake ni kubwa kuliko ya mtoto. Lita hiyo ikifika siku tisa, kila mmoja amepunguza karibu kalori 150 kwa siku, na hakuna aliyelala na njaa. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni sawa na nusu saa ya kutembea kwa kasi.

Kwa hiyo siku unayofungua chupa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. Ikiisha, hesabu siku. Kama mnanunua mafuta ya kupima dukani, yamimine kwenye chupa moja na ufanye vivyo hivyo. Hakuna haja ya programu ya simu.

Namna ya kuifikisha mbali: mafuta yapimwe kwa kijiko kikubwa, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kina kama kalori 120. Vijiko viwili vinatosha kuunga mboga ya watu watano. Kitunguu kikianza kushika chini, ongeza maji kidogo na ufunike, usiongeze mafuta. Dagaa wakavu wakaange bila mafuta mpaka wanukie, ndipo uwaweke kwenye rosti ya nyanya. Nazi siikatazi, mimi mwenyewe siwezi kuishi bila samaki wa nazi. Tumia tui la pili kwa mboga za kila siku, na lile la kwanza, zito, liwe la mwisho wa wiki. Chapati, maandazi na chipsi navyo viwe na siku yao.

Angalizo moja kubwa: mtoto wa chini ya miaka miwili hapunguziwi mafuta. Anayahitaji kwa ukuaji wa mwili na ubongo. Mpakulie chakula chake, kisha umwongezee kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa laini au parachichi.

Hatua ya 3: Zungumza na anayepika

Nyumba nyingi za wazazi wanaofanya kazi, anayeshika mwiko ni dada wa kazi, au mama mdogo, au bibi. Ukianza dayati bila kumshirikisha, umepoteza muda. Usimpe hotuba ya kalori. Mpe kijiko, mwambie, "Dada, kuanzia leo mboga vijiko viwili," na ukirudi umsifu ikiwa tamu. Wengi huweka mafuta mengi kwa nia njema: chakula kinachong'aa ndicho kinachoonyesha kwamba nyumba ina heshima. Mwonyeshe kwamba wewe ndiye uliyeomba, asije akadhani unabana matumizi au humwamini.

Hatua ya 4: Jumapili, chemsha maharage ya wiki

Uchovu ndio unaotupeleka kwenye chipsi mayai. Dawa yake ni kukuta kitu kimeshaiva. Jumamosi usiku loweka kilo moja ya maharage. Jumapili mwaga yale maji, weka mengine, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, halafu uyaache mpaka yalainike kabisa. Maharage yasiyoiva vizuri yana sumu inayoumiza tumbo, hasa yale mekundu. Yakipoa, gawa kwenye vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja. Ya siku tatu yakae kwenye friji, mengine kwenye friza.

Siku za kazi unachoma kitunguu na nyanya, unatupia maharage, unakatakata mchicha, na ndani ya dakika ishirini meza iko tayari. Ukichemsha na mayai kadhaa, asubuhi nayo imepona: yai, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, chai. Yai moja lina kalori kama 70 na protini gramu 6, na linakaa tumboni kuliko maandazi mawili.

Hatua ya 5: Ile njaa ya saa kumi na moja

Mchana ulikula saa saba. Foleni inakufikisha nyumbani saa mbili usiku. Hapo katikati kuna mihogo ya kukaanga kituoni, karanga dirishani, soda ya baridi. Ukifika una njaa kali, unakula huku unapika, halafu unakula tena na watoto. Mtu wa namna hii atasema kwa dhati kabisa kwamba yeye hali sana.

Weka kitu kwenye mkoba, ukile kabla hujatoka kazini: ndizi mbivu, chungwa, tango, yai la kuchemsha. Karanga ni chakula kizuri, ila gramu 50, konzi moja hivi, zina kalori zinazokaribia 300. Kula nusu, nyingine mpe jirani yako kwenye daladala.

Hatua ya 6: Sahani

Nusu mboga za majani, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Anza kupakua mboga, ugali uje mwisho. Watu hufanya kinyume, wanakuta mboga imebakiwa na nafasi pembeni tu.

Ugali pima ukiwa bado unga. Gramu 100 za unga ni kama kalori 360, na kwa mtu mzima wa kazi ya ofisini kilo moja ya unga inatoa milo kumi. Ni kweli dona ni bora kuliko sembe, ina nyuzinyuzi na virutubisho vilivyobaki kwenye ganda na kiini, na inashibisha mapema. Lakini kalori zake karibu ni zilezile. Mlima wa dona bado ni mlima.

Kwa mama ntilie, sema mapema kabla hajachota: "Wali nusu, niongezee maharage na mchicha." Bei itakuwa ileile, na hatakushangaa.

Na yale mabaki kwenye sahani za watoto si ya kwako. Wapakulie kidogo, waongezwe wakiomba.

Hatua ya 7: Vinywaji

Soda ya mililita 350 ina sukari kati ya gramu 35 na 40. Juisi ya matunda ya kusaga yenye sukari haiko mbali. Kwenye chai, punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Hatua ya 8: Miguu na usingizi

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka kituo kimoja kabla, kwenda na kurudi, kunaweza kukumalizia sehemu kubwa. Kuhusu usingizi, najua wenye watoto wachanga mtanicheka. Lakini mtu anayelala kwa saa tano tu huamka na njaa isiyokuwa ya tumbo, na huitafutia sukari. Ukipata nafasi ya kulala mapema au kuangalia tamthilia, lala.

MASWALI YA WANACHAMA

*Asante kwa somo, mwalimu. Nimeanza kupungua, lakini kila nikienda kwa ndugu wananiuliza naumwa nini. Mama mkwe ameshaniita pembeni.*

Pole, hili linawarudisha nyuma wengi kuliko njaa. Mama mkwe usimbishie. Mwambie daktari amekushauri upunguze uzito kwa ajili ya presha na magoti, naye atakuwa wa kwanza kukutetea kwa wengine. Ila ikiwa unapungua bila kubadilisha chochote, au una homa, kikohozi kisichokwisha au kiu isiyo ya kawaida, hapo ndugu wana haki. Nenda ukapime.

*Nina mtoto wa miezi minne, namnyonyesha. Naweza kuanza?*

Anza hatua ya 2, ya 5 na ya 7 tu. Usijinyime mlo. Kunyonyesha kunatumia kalori mia kadhaa kila siku, na mwili unahitaji maji na protini. Kupungua taratibu hakudhuru maziwa. Kufunga kula na kunywa supu tupu kutakumaliza nguvu.

*Mimi ni baba, kwetu Nairobi. Siku za kazi nakula vizuri, ugali kidogo na sukuma wiki. Wikendi ni nyama choma na marafiki. Nifanyeje?*

Kaka, nyama choma haina neno sana ukichagua isiyo na mafuta mengi na ukaila na kachumbari. Tazama chupa zilizo mezani. Bia moja ya nusu lita ina kalori takriban 200, na hakuna anayekunywa moja huku akiangalia mpira. Kila baada ya chupa, kunywa maji. Na kula kitu nyumbani kabla hujatoka.

*Ramadhani inanipa shida. Nafunga mchana kutwa lakini mwisho wa mwezi nimeongezeka.*

Angalia meza ya futari: viazi vya nazi, maharage ya nazi, tambi za sukari, kachori, vitumbua, juisi. Kwa siku chagua kimoja cha nazi na kimoja cha kukaanga. Fungua kwa tende na maji, swali Magharibi, ndipo uketi kula. Mwili utakuwa umetulia. Daku usiiache, na iwe chakula chenye maharage au mayai, isiwe chai na mkate peke yake.

*Natumia dawa za kisukari. Nikipunguza ugali kuna madhara?*

Yanaweza kuwepo. Ukiwa kwenye insulini au vidonge kama glibenklamidi, kupunguza wanga ghafla kunaweza kushusha sukari hadi ukatetemeka, ukatoka jasho na kuchanganyikiwa. Nenda kliniki kwanza, waambie unataka kupunguza uzito, wakurekebishie dozi. Kwenye mkoba usikose glukosi au sukari.

*Kuna chai ya majani ya kupunguza tumbo inauzwa mitandaoni, shoga yangu ameitumia amepungua wiki moja. Vipi?*

Nyingi ya chai hizo zina dawa ya kuharisha, hasa majani ya sena. Kilichopungua ni maji na choo, mafuta yapo palepale. Ukizitumia muda mrefu unapoteza madini ya potasiamu, na moyo unayahitaji hayo. Ndimu kwenye maji ya moto haina ubaya, lakini haiyeyushi kitambi.

*Hayo ya maharage ya wiki nzima ni ya wenye friji. Sisi tusio nayo?*

Swali zuri. Maharage yaliyopikwa hayalali nje kwenye joto la Dar, hata ukiyachemsha tena asubuhi usiyaamini. Tumia choroko: hazihitaji kulowekwa na zinaiva haraka. Dagaa wakavu wanakaa wiki kadhaa kwenye chombo kikavu kilichofungwa. Mayai mabichi nayo hayahitaji friji, mradi yawe kivulini na yasioshwe mpaka siku ya kupika. Mboga nunua ya siku hiyohiyo gengeni, kisha uifunge kwenye kitambaa kilicholowana mpaka utakapoiweka jikoni.