Kula kwa Ajili ya Misuli: Namna ya Kufikisha Kalori za Kutosha kwa Chakula cha Kawaida bila Kudhuru Afya

Kijana mwenye uzito wa kilo 60 anayenyanyua vyuma mara tatu au nne kwa wiki na bado haoni mabadiliko mwilini, mara nyingi kasoro yake iko jikoni. Asubuhi hunywa chai ya rangi kwa maandazi mawili, mchana hula sahani moja ya wali kwa mama lishe, na usiku hula ugali mkubwa kwa mboga kidogo. Tumbo hujaa, lakini kalori za siku nzima hazifikii mahitaji yake, na protini hupungua zaidi. Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye afya njema, mwanamume au mwanamke, anayetaka kuongeza misuli kwa vyakula vya sokoni, bila kuota kitambi.

Anza kwa kujua kiasi ambacho mwili wako hutumia. Mtu anayefanya kazi ya kawaida na mazoezi ya nguvu hutumia takriban kalori 35 hadi 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kati ya 2,100 na 2,400 kwa mtu wa kilo 60, ingawa fundi ujenzi anayebeba zege kutwa nzima huhitaji zaidi ya hapo. Hayo ni makadirio tu, na mizani ndiyo itakayokupa jibu la kweli. Kwa wiki mbili endelea kula kama ulivyozoea, ukijipima asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula chochote, kisha linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya pili. Uzito usipobadilika, chakula unachokula ndicho kinachokutunza ulipo. Juu ya hicho ongeza kalori 300 hadi 400 kwa siku.

Nyongeza hiyo huonekana ndogo, na wengi huidharau. Ukweli ni kwamba mwili una kikomo cha kasi ya kujenga misuli, na kinachozidi kikomo hicho huhifadhiwa kama mafuta. Kwa mtu wa kilo 60, ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa wiki linatosha kabisa. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia maji na mafuta.

Baada ya kalori, hesabu protini. Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kuvuka gramu 2.2 hakumwongezei faida ya maana. Mtu wa kilo 60 basi alenge gramu 96 au 100, azigawe katika milo mitatu au minne badala ya kuzikusanya zote usiku. Yai moja lina gramu sita hivi, glasi ya maziwa ina nane, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Dagaa wakavu wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala wazima na mifupa yao unapata pia kalisi nyingi, yaani madini ya kuimarisha mifupa.

Asiye na uwezo wa kununua nyama kila siku asikate tamaa. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo laisini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, lakini maharage, kunde, choroko na dengu zina laisini ya kutosha. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, asidi amino nyingine, ambayo nafaka inayo. Ndiyo maana makande ni chakula kizuri sana cha mtu wa mazoezi, na vivyo hivyo ugali kwa kunde au wali kwa choroko, ilimradi sehemu ya jamii ya kunde iwe kubwa na isibaki kuwa mchuzi wa kulowanishia tu. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kupika hupunguza gesi tumboni.

Tuchukue siku moja ya mfano. Asubuhi, uji wa ulezi uliopikwa kwa glasi ya maziwa na kuongezwa vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha, hutoa karibu kalori 700 na gramu 30 za protini, kiasi ambacho chai na maandazi hayawezi kukikaribia. Saa nne, ndizi mbivu mbili na konzi ya karanga huongeza kalori 370 hivi. Mchana, wali uliotokana na gramu 100 za mchele, kikombe cha maharage ya nazi, mchicha na chungwa hukupa takriban 740. Jioni, ugali wa gramu 150 za unga, gramu 30 za dagaa waliokaangwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta, na tembele, hufikia karibu 800. Kabla ya kulala, glasi ya mtindi. Jumla inakaribia kalori 2,700, na protini ni kama gramu 100.

Wapo wanaoshiba haraka, na kwao kuongeza ukubwa wa sahani ni adhabu. Hao waongeze chakula chenye kalori nyingi katika ujazo mdogo: gramu 100 za karanga zina kalori zisizopungua 550, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban 120. Nusu ya parachichi kando ya mlo, karanga za kusaga ndani ya kisamvu, au maziwa badala ya maji katika uji, husaidia kuziba pengo bila kulemea tumbo. Soda na chipsi pia huongeza kalori, lakini sukari nyingi, chumvi nyingi na mafuta yaliyokaangiwa mara kwa mara hudhuru mwili huohuo unaoujenga. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu tano kwa siku, na sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya kalori zote.

Kwa kuwa mpango huu unategemea karanga na mahindi, jihadhari sana na sumukuvu, sumu inayozalishwa na ukungu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Nunua karanga kavu, chambua na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na usiamini unga wa lishe wenye harufu ya uvundo.

Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia ufyonzaji wa madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, kwa hiyo inywe saa moja au mbili baada ya mlo, na mlo wenyewe usindikizwe na chungwa, embe au ndimu. Wanawake wazingatie hili zaidi.

Vidonge vya kunenepesha viepuke kabisa. Vingi vina deksamethasoni, dawa inayofaa ikitolewa na daktari kwa ugonjwa maalumu, lakini ikitumiwa kiholela hujaza maji mwilini, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha misuli hasa. Kreatini, kirutubisho cha unga kinachotumiwa na wanyanyua vyuma, ni jambo tofauti: gramu tatu hadi tano kwa siku ni salama kwa mtu mzima mwenye afya na husaidia kidogo, ila si ya lazima.

Kila wiki linganisha wastani wa uzito, na kila mwezi pima kiuno kwa futi kamba usawa wa kitovu. Uzito ukisimama kwa wiki mbili au tatu, ongeza kalori 150, kwa mfano glasi moja ya maziwa. Kiuno kikiongezeka haraka huku vyuma unavyonyanyua vikibaki vilevile, punguza kiasi hichohicho, kisha chunguza usingizi na mazoezi yako kabla ya kulaumu chakula, kwa sababu mtu asiyepata saa saba za kulala na asiyeongeza uzito wa vyuma hatua kwa hatua hujenga misuli kidogo hata akila vizuri namna gani. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari kabla ya kubadilisha mlo, na anayekonda ingawa anakula vizuri, hasa akikohoa kwa wiki mbili au kutokwa jasho jingi usiku, aende kituo cha afya kupimwa kabla ya kuanza mpango wowote.