Jinsi ya kuomba kibali cha kufunga turbini kwenye Cessna 206 hapa Wilson

Simama asubuhi upande wa hanga za uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uzitazame pua za ndege ndogo. Cessna 206 ya kawaida ina pua fupi, butu. Iliyofungwa turbini pua yake ni ndefu kama ya mbu, kwa sababu injini mpya ni nyepesi kuliko ile ya pistoni iliyotolewa, na isiposogezwa mbele ndege itakalia mkia. Wenye ndege hutujia wakiulizia hiyo pua na bei yake. Mimi nashughulika na makaratasi, kwa hivyo huwauliza kwanza: ndege yako imeshafungwa nini kingine?

Kwa nini mtu atake turbini si siri. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na injini ya pistoni isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000 unazopanda. IO-520, injini ya pistoni ya farasi 300, inaondoka hapa na farasi kama 250, na jua la adhuhuri linakata zaidi. Turbini ya Rolls-Royce 250, ambayo wazee wa hapa bado huiita Allison, inakupa farasi 418 au 450 kulingana na toleo. Tena inatumia Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, wala huhangaiki kutafuta avgasi, petroli ya ndege za pistoni, kwa madramu kila uendako. Ila kwa saa inakunywa mafuta karibu mara mbili ya ile ya pistoni. Kama safari zako ni ndefu na tangi ni zile zile, piga hesabu hiyo kabla hujaendelea kusoma.

Kama bado unataka, anza na cheti. Injini itafuata. Kubadilisha injini namna hii ni badiliko kubwa la ndege, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, haliidhinishi kwa sababu fundi amesema limekaa vizuri. Linahitaji data iliyoidhinishwa. Kwa Cessna, data hiyo hutoka kwenye STC, cheti cha nyongeza kinachotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, nchi ilikobuniwa ndege yenyewe. Kwa 206 na 207 inayojulikana zaidi ni ya Soloy, kampuni ya Olympia, jimbo la Washington. Mwenye Beaver au Otter atapata STC za watu wengine, na kwa kuwa ndege hizo zilibuniwa Kanada, aanze kwa kuangalia cheti chake kimetolewa na mamlaka ya nchi gani.

Pata nakala ya STC na orodha ya ndege inazozikubali, uisome polepole. Jina "206" lina ndugu wengi: P206, U206, TU206, 206H. Usiende kwa maneno ya aliyekuuzia ndege. Fungua mlango usome kibati cha namba kwa tochi. Kisha shuka chini kabisa ya STC, kwenye masharti. Utakuta sentensi inayosema ni jukumu la anayefunga kuhakikisha kwamba badiliko hili linapatana na mabadiliko mengine yaliyokwisha kufanywa. Watu huiruka hiyo sentensi, na mimi naona ndiyo ombi lote. Ndege za Nairobi zimepita mikono mingi: hii ina sanduku la mizigo chini ya tumbo, ile ina tangi za nyongeza kwenye ncha za mabawa, nyingine ilirekebishwa mabawa ili itue kwenye viwanja vifupi. Kila kimoja kina STC yake, na huenda waliokibuni hawakuifikiria pua ndefu. Andika orodha ya yote, kila kitu na karatasi yake. Kilichofungwa bila karatasi ni lazima kitolewe au kitafutiwe karatasi, na ni nafuu ujue sasa kuliko ujue injini ikiwa imening'inia kwenye kreni.

Halafu kuna barua ya ruhusa. Sheria ya Marekani inamtaka mwenye STC atoe ruhusa ya maandishi kwa kila anayeitumia, na barua hiyo inaitaja ndege yako kwa namba. Kuwa na nakala ya STC bila barua ni sawa na kuwa na funguo za gari la jirani. Niliwahi kupokea mteja aliyenunua seti ya mitumba ya kufungia turbini, imetolewa kwenye ndege iliyoanguka nchi nyingine, bei ya kutupa. Barua hakuwa nayo. Seti yake ilikaa kwenye kontena mwaka mzima huku tukiandikiana barua pepe na watu wa ng'ambo, na bei ya kutupa ikaacha kuwa ya kutupa.

Sasa ndio uandikie KCAA, na uandike kabla ya kununua injini. Barua humwendea Mkurugenzi Mkuu, Aviation House, pale uwanja wa ndege wa JKIA, ukieleza ndege, STC, hanga itakayofanya kazi na lini unakusudia kuanza. Hanga ikikuombea kwa niaba yako, weka barua ya kuipa idhini. Faili iwe na STC yenyewe na barua ya ruhusa, michoro na maelekezo ya kufunga, nyongeza ya kitabu cha rubani, maelekezo ya matunzo baada ya kufunga, hesabu ya uzito inayotarajiwa, hesabu ya mzigo wa umeme, na ile orodha yako ya mabadiliko ya zamani pamoja na maelezo ya injinia kwa nini hayagongani na jipya. Ada lipa kwa invoisi utakayopewa, na risiti iingie humo humo.

Namba ndizo zinazoua faili. Mwaka mmoja niliandaa jalada safi, nikalipanga kwa vibandiko vya rangi, nikampelekea mkaguzi wetu wa ubora aweke sahihi. Akavaa miwani.

"Kijana, hii ni 8 au ni B?"

"Ni 8, mzee."

"Umekisoma kibati au umesoma logbuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege?"

Nilikuwa nimesoma logbuku. Tulikwenda wote hadi kwenye ndege, akakifuta kibati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na ilikuwa B. Barua ya ruhusa ilikuwa imeandikwa kwa namba niliyoituma mimi, kwa hivyo ikabidi iombwe upya. Tangu siku hiyo kila kibati nakipiga picha, na picha inaingia kwenye faili.

Hanga nayo ikaguliwe. Kuwa na idhini ya kuhudumia Cessna 206 hakutoshi. Idhini yake ya matengenezo itaje pia injini ya Rolls-Royce 250, na injinia atakayetia sahihi awe na leseni ya turbini. Hapa Nairobi tuna bahati: injini hii ni ya familia moja na ile ya helikopta ya Bell 206, kwa hivyo mafundi walioizoea wapo Wilson. Kama hanga yako haina idhini, itaiomba KCAA kivyake, na muda huo uuweke kwenye ratiba.

Uagizaji mwachie ajenti wa forodha anayejua vipuri vya ndege. Wewe hakikisha injini na propela vinakuja na karatasi halali ya kuthibitisha kwamba vinafaa kufungwa, kwa mzigo wa Marekani ni FAA 8130-3, namba zikilingana na vibati. Injini isiyo na karatasi hiyo ni chuma tu.

Baada ya kufunga, ndege hupimwa uzito upya. Milango ya hanga hufungwa, maana upepo mdogo tu chini ya bawa unadanganya mizani. Hapa wengi hushangaa. Injini imepungua uzito, lakini mafuta yameongezeka: lita ya avgasi ina kilo 0.72 hivi, ya Jet A-1 kama 0.8. Lita 300 zinakuongezea kilo 24, karibu begi mbili za watalii. Waambie wanaouza tiketi mapema.

Ndipo inaombwa ruhusa ya kuruka kwa majaribio, bila abiria. Ripoti ya majaribio, karatasi mpya ya uzito, logbuku zilizojazwa na hati ya injinia ya kuirudisha ndege kazini hurudishwa KCAA ili cheti cha kufaa kuruka kiendane na ndege ilivyo sasa. Nyaraka za kelele zifuate propela mpya. Kama unabeba abiria kwa biashara, masharti ya AOC yako, yaani cheti cha kuendesha biashara ya ndege, na kitabu cha matunzo virekebishwe pia. Mwite mtu wa bima kabla ya safari ya kwanza, na rubani apate mafunzo ya turbini: kuiwasha kwa betri dhaifu kwenye kiwanja cha porini kunaweza kuichoma injini kwa sekunde chache, na hiyo bima huitazama kwa jicho kali.

Kazi ya mwisho ni ndogo, lakini STC inaidai: maandishi kwenye vifuniko vya tangi. Futa ya avgasi, bandika ya Jet A-1. Kisha nenda mwenyewe ukaongee na vijana wa gari la mafuta. Wanaijua ndege yako kwa namba yake ya usajili ya 5Y, wameijaza avgasi ya buluu miaka kumi, na pua ndefu haitawazuia kuja na mpira ule ule Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi.