Mambo ya Kuzingatia Kabla Siafu Hawajaingia Nyumbani

Kwetu sisi tunaoishi milimani, iwe Usambara au kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, mvua zikianza siafu hutoka, na watu huanza kuulizana wamehamia kutoka wapi. Mara nyingi walikuwepo muda wote. Aina nyingi za siafu, ambao wataalamu huwaita Dorylus, huwinda ndani ya udongo na ni nadra kuonekana, na hata hawa wanaotuvamia, Dorylus molestus, huishi ardhini pamoja na malkia na mabuu wao, kisha hupanda juu kuwinda au kuhamisha kiota. Kundi moja huwa na mamilioni. Usingoje msafara ufike kizingitini ndipo uanze kutafuta majivu.

Fyeka majani yanayogusa ukuta. Ziba nyufa zilizo chini ya milango. Miguu ya kitanda cha mtoto na ya kabati la chakula isimame ndani ya makopo yenye maji, na shuka zisiburute sakafuni. Majivu yawekwe pakavu, kwani yakilowa hayazuii chochote. Mwenye mizinga ya nyuki apake grisi kwenye waya za kuning'inizia mapema, kwa sababu siafu humaliza mzinga mzima.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kufuli. Jirani yetu mmoja alikuwa na banda la kuku la mabanzi, imara, lililofungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi, na ufunguo alikuwa nao kijana wake aliyekwenda kulala msibani kijiji cha pili. Usiku wa manane kuku wakapiga kelele. Tukadhani ni kicheche, tukatoka na fimbo. Tochi ilipomulika mlango, mbao zilikuwa nyeusi kwa siafu, na hakuna aliyeweza kusimama pale bila kurukaruka na kujikung'uta. Shoka lilipopatikana na bawaba kung'olewa, kuku waliokuwa wamelala juu kwenye vichanja waliruka nje wakapona, ingawa siafu walikuwa wameng'ang'ania kwenye kope zao na chini ya mabawa. Kuku aliyekuwa akiatamia hakuinuka. Tulimkuta amekufa juu ya mayai yake, siafu wamejaa puani na machoni, na vifaranga waliokuwa pembeni walikuwa wameanza kukatwakatwa na kubebwa. Jirani yetu huyo alipoteza baadhi ya kuku wake huku mlango ukiwa umefungwa vizuri kabisa.

Siafu wafanyakazi na askari hawana macho. Wanafuata harufu na mguso, na mnyama mzima aliye huru huwaacha nyuma kwa hatua chache. Anayekufa ni yule asiyeweza kuondoka. Kwa hiyo, kila jioni ya msimu wa mvua, pitia nyumba yako ukijiuliza nani hawezi kutoka mwenyewe: mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani, mbuzi aliyefungwa kamba, ndama, sungura, kuku. Kila mmoja apangiwe mtu wa kumtoa, na mtu huyo ajulikane kwa jina. Kamba ifungwe fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kama wezi wanakulazimu kutumia kufuli, ufunguo utundikwe ndani ya nyumba, kando ya tochi, na usiondoke na mtu yeyote.

Wakishaingia, toka na watu wako uwaache wapite, kwani watawinda mende na panya kisha wataondoka wenyewe. Usimwage mafuta ya taa mahali penye kibatari au moto wa jikoni. Aliyeumwa avue nguo zote na kuwabandua mmoja mmoja, maana askari huacha kichwa kimeng'ata hata kiwiliwili kikikatika. Kabla ya kumrudisha mtoto, kung'uta matandiko, kagua mikunjo ya chandarua, angalia ndani ya viatu, na usiku unaofuata usiwarudishe kuku bandani kabla hujamulika kila pembe, kwa kuwa msafara unaweza kurudi.