Kipimo cha PCR cha homa ya matumbo ya kuku: anzia kwenye ini, si kwenye mashine

Kuku wa mayai wakianza kufa mmoja mmoja Muheza au Pangani, upanga umepauka na kinyesi ni cha kijani-njano, wengi husema ni kideri. Ukimpasua ukakuta ini limevimba lina rangi ya shaba, shuku Salmonella Gallinarum, bakteria wa homa ya matumbo ya kuku. Kuotesha na kuthibitisha huchukua siku kadhaa. PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, hutoa jibu siku hiyohiyo, lakini kuitengeneza hadi iaminike ni kazi ya miezi.

Kwanza andika swali ambalo kipimo kitajibu. Jeni ya invA inapatikana karibu katika Salmonella zote, hivyo itakuambia "Salmonella ipo", haitakuambia ni Gallinarum. Kutofautisha na Pullorum, bakteria ndugu yake wa karibu, kunahitaji shabaha nyingine (kipande kingine cha DNA cha kulenga) au vipimo vya kemia kwenye bakteria aliyeoteshwa: Gallinarum huchachusha dulsitoli (kitu cha jamii ya sukari), Pullorum haiichachushi. Anayeruka hatua hii huishia na kipimo kizuri kinachojibu swali la mtu mwingine.

Sampuli bora ni ini, wengu na vifuko vya mayai vya kuku aliyekufa karibuni. Kuku mzima aliyebeba ugonjwa hutoa bakteria kwenye kinyesi kwa vipindi tu, kwa hiyo swabu ya kloaka (tundu la haja) ikitoka hasi usiitegemee peke yake. Weka vipande kwenye mfuko safi ndani ya kikasha chenye barafu, na usivichanganye na utumbo. Kwa joto la Tanga, ini lililokaa mchana kutwa kwenye basi huwa limejaa bakteria wengine kama Proteus na E. koli.

Kama unakuza kwanza, tia gramu 25 za sampuli kwenye mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, nyuzi 37 kwa saa 18. Usitegemee chakula cha kuoteshea kinachochuja bakteria kwa kuogelea kwao (MSRV): Gallinarum na Pullorum hazina mikia ya kuogelea, zitakupita.

Kutoa DNA kwenye koloni (kundi la bakteria lililoota), njia ya kuchemsha inatosha. Vuruga koloni kwenye mikrolita 200 za maji safi, weka nyuzi 95 hadi 100 kwa dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 12,000 g dakika 5, chukua maji ya juu. Kwa ini tumia seti ya kusafishia DNA (kit) yenye nguzo za silika, maana damu yake huua PCR.

Vianzio (primers, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanza kunakili) vya invA vinavyotumika sana ni hivi:

GTGAAATTATCGCCACGTTCGGGCAA
TCATCGCACCGTCAAAGGAACC

Vinatoa kipande cha besi 284. Mchanganyiko wa mikrolita 25 kwa kila tyubu:

- 12.5 za mchanganyiko mama (master mix) wenye nguvu ya mara 2
- 1 ya kila kianzio, cha maikromola 10
- 2 za DNA
- 8.5 za maji

Mizunguko 35: nyuzi 95 sekunde 30, joto la kunasa sekunde 30, nyuzi 72 sekunde 30. Kwa joto la kunasa, yaani la vianzio kushika DNA, anza na 53 na upande hadi 61 kwa hatua za nyuzi 2, kisha uchague la juu kabisa ambalo bado mstari ni mnene. Soma kwenye jeli ya agarosi ya 1.5%. Ukungu chini ya besi 100 ni vianzio vilivyoshikana vyenyewe. Chumba kikiwa na nyuzi 30 vinashikana hata kabla mashine haijawashwa, kwa hiyo nunua kimeng'enya kinachoamshwa na joto na uchanganye juu ya barafu.

Sasa pale wengi wanapoanguka. Damu, nyongo na kinyesi huzuia kimeng'enya, jeli inatoka tupu, na maabara inaandika "hasi". Dawa yake ni kidhibiti cha ndani: kipande cha DNA ya kutengeneza chenye ncha za vianzio vilevile ila kirefu zaidi, tuseme besi 400, nakala 100 hivi kwa kila tyubu. Ukiweka nakala 10,000 kitang'aa hata kwenye sampuli chafu na kukudanganya. Tyubu isiyo na mstari wa 284 wala wa 400 haina jibu. Zimua DNA mara 10, rudia. Kidhibiti cha ndani kikipotea huku 284 ni mnene, hakuna tatizo: shabaha imekishinda tu.

Kupima uwezo wa chini, kumbuka jenomu moja ya Salmonella ina uzito wa femtogramu 5 hivi, yaani nanogramu 1 ni karibu nakala 190,000. Andaa nakala 50, 20, 10 na 5, tyubu 20 kwa kila kiwango. Kikomo chako ni kiwango cha chini ambacho tyubu 19 kati ya 20 zimeona. Fanya haya ndani ya DNA ya ini la kuku mzima wa afya. Ukifanya kwenye maji matupu utapata namba ya kupendeza ambayo shambani haina kazi.

Kisha jaribu E. koli, Citrobacter, Proteus, Klebsiella na Pasteurella: zote zitoke hasi. Linganisha na uoteshaji. Mfano: sampuli 60 zilizoota, PCR ikaona 57, usikivu ni 95%, lakini kwa idadi hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya 86% na 98% hivi. Andika safu hiyo kwenye ripoti. Sampuli za kulinganishia zisipotosha, tafuta nyingine kwa makubaliano na maabara za mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo jijini Tanga.

Vyumba viwe vitatu, cha kuchanganya, cha DNA na cha jeli, na mtu asirudi nyuma siku hiyo. Mstari ukitokea kwenye tyubu ya maji (isiyotiwa DNA), futa meza kwa jiki iliyozimuliwa mara 10, subiri dakika 10, pangusa kwa maji, na utupe maji na vianzio vyote vilivyofunguliwa.

Kwenye fomu ya sampuli ongeza maswali mawili: kuku wamepewa antibiotiki lini, na wamechanjwa nini. Bakteria waliokufa bado wana DNA, na chanjo hai ya 9R ni Gallinarum iliyopunguzwa makali: invA itaiona kama ugonjwa.