Kuomba leseni ya kiwanda Dongo Kundu: anza na mazingira

Wengi wanaotaka kujenga kiwanda katika Eneo Maalum la Kiuchumi la Dongo Kundu, upande wa Likoni, Mombasa, huanza kwa kuuliza kodi. Inavutia kweli: asilimia 10 ya faida kwa miaka 10 ya kwanza, halafu asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Lakini ukitaka maombi yako yaende mbio, shughulikia mazingira mapema.

Sajili kampuni kwanza. Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya 2015 inataka kampuni iliyoandikishwa Kenya mahsusi kwa shughuli za eneo hilo. Kampuni uliyo nayo tayari, tuseme ya Changamwe, haitafaa, hata kama ina miaka mingi sokoni. Fungua mpya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uchukue PIN, yaani namba ya mlipakodi, ya Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA).

Kisha tafuta nafasi. Ardhi ile, takriban ekari 3,000, iko mikononi mwa Mamlaka ya Bandari Kenya, na mwekezaji hukodishiwa. Akija dalali anayekuuzia ploti humo, achana naye. Omba barua ya kuonyesha kwamba umekubaliwa nafasi, kwa sababu bila kujua kiwanda kitakaa wapi huwezi kupima athari zake.

Sasa mwite mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kabla mhandisi hajamaliza michoro. Mwambie ukweli wote: unatumia kemikali gani, moshi unatokea wapi, maji machafu yanaelekea wapi. Hori la Port Reitz lina mikoko na wavuvi wanaoitegemea, na mfereji mmoja uliochorwa vibaya unatosha kuharibu mazalia ya samaki. Maji nayo yapigie hesabu. Mombasa ni mji wa mgao, kwa hiyo onyesha utakavyovuna ya mvua na kuyatumia tena yale ya kiwandani.

Baraza la wananchi usilifanye la kupiga picha tu. Pitia kwa chifu na wazee wa mtaa, alika watu wa Mbuta na kikundi cha wavuvi wa ufuo, zungumza Kiswahili, na majibu uliyowapa yaingie kwenye ripoti ya tathmini. Mombasa tumeshaona kinachotokea watu wakipuuzwa. Kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kilicholeta sumu mtaa wa Owino Uhuru kilikuwa na leseni ya eneo la uzalishaji wa kuuza nje. Watoto waliugua. Mnamo 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda zikabebeshwa sehemu ya mzigo. Ndiyo maana ripoti nyepesi itarudishwa, na ni haki irudishwe.

Ukishafika hapo, fomu ya Mamlaka ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi haisumbui. Ambatisha cheti cha kampuni, barua ya nafasi, mpango wa biashara na leseni ya NEMA, au uthibitisho kwamba ombi lake limepokewa. Ndani ya mpango taja mtaji, ajira, malighafi, na hasa umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na hiyo ni nguvu yako sokoni. Ushuru wa kaboni wa Umoja wa Ulaya, unaotozwa kulingana na hewa ya kaboni iliyotolewa wakati wa kutengeneza bidhaa, ulianza kutumika kikamilifu Januari 2026 kwa chuma, saruji, alumini na mbolea. Mnunuzi wa huko atakudai takwimu za hewa hiyo, kwa hiyo weka kumbukumbu za mita tangu siku ya kwanza ya uzalishaji.

Ukipata leseni, nenda kwa maafisa wa forodha wa KRA kabla kontena la kwanza la mashine halijafika bandari ya Kilindini. Eneo hilo huhesabiwa kuwa nje ya mipaka ya forodha, hivyo bidhaa utakazouza ndani ya Kenya zitalipiwa ushuru kama zilizoagizwa kutoka nje. Na kila mwaka NEMA itasubiri ripoti yako ya ukaguzi wa mazingira. Mteue mapema mfanyakazi wa kuiandaa.