Mtaji wa duka usiliwe: mwongozo kwa mwenye duka la mtaani

Duka la rejareja la mtaani, lile la unga, sukari, sabuni na vocha, ni nadra kufungwa kwa sababu watu wameacha kununua. Wateja huwa wapo mpaka siku ya mwisho, ila rafu zimebaki na chumvi na viberiti. Mtaji umeliwa. Umeliwa na nauli, na mboga ya jioni, na shemeji aliyebeba kilo mbili za mchele, na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku, uliochukuliwa ili kuziba pengo. Mwongozo huu ni wa kuuzuia usiliwe. Mifano ya fedha ni ya duka dogo la Dar es Salaam. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo weka za kwako. Njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Jilipe mshahara

Mwenye duka ni mwajiriwa wa duka lake. Asiyelikubali hilo hata mbinu nyingine zote hazitamfaa, kwa sababu kila shilingi itakayookolewa kwingine itapotelea mfukoni mwake.

Chukua duka linalouza 120,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 3,600,000, na fedha hiyo ukiishika mkononi inadanganya. Tuseme katika kila 1,000 ya mauzo faida ni 120. Faida ya mwezi ni 432,000. Toa kodi ya fremu 100,000, umeme wa LUKU 20,000, usafi na ulinzi 12,000, na kodi ya mapato ambayo tuseme imekadiriwa 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi. Inabaki 200,000. Hapo ndipo pa kujilipa: 120,000 mshahara wako, 50,000 irudi kwenye bidhaa, 30,000 akiba.

Sasa mtazame mwenye duka hilohilo anayetoa 10,000 ya matumizi kwenye droo kila siku. Haoni kosa, kwa kuwa droo ina zaidi ya laki. Kwa mwezi ametoa 300,000 huku duka likizalisha 200,000. Kila mwezi mtaji unapungua kwa 100,000. Kama alianza na bidhaa za 1,300,000, zitakwisha zote ndani ya miezi 13. Na kwa kweli duka litakufa mapema zaidi, kwa sababu rafu zikianza kuwa na mapengo mauzo nayo hushuka.

Kama mshahara wa 120,000 hautoshi nyumbani, dawa ni kuongeza mauzo, au mmoja wa familia atafute kipato kingine mpaka duka likue. Kuchukua zaidi ya kinachozalishwa hakuongezi kitu. Na chochote kinachotoka dukani kwenda jikoni kwako, hata kiberiti, kiandikwe kwa bei ya kuuzia na kikatwe kwenye mshahara mwisho wa mwezi.

Bei: piga hesabu mpaka kwenye gramu

Hasara nyingi zimejificha kwenye bidhaa za kupima. Mfano ni mfuko wa sukari wa kilo 50 ulionunuliwa kwa 135,000. Muuzaji anasema: kilo nimeipata kwa 2,700, nauza 3,000, faida 300 mara 50, ni 15,000. Ila kuuleta mfuko kwa bodaboda au guta kumegharimu 2,000. Vifungashio 1,500. Na kupima robo na nusu, pamoja na punje zinazomwagika na mkono unaozidisha kidogo ili mteja afurahi, kumekula karibu kilo moja. Gharama halisi ni 138,500 kwa kilo 49 zinazouzika, ambazo ni 147,000. Faida ni 8,500. Aliyedhani ana 15,000 akazitumia amekula 6,500 za mtaji kwa mfuko mmoja tu wa sukari.

Robo ukiiuza 750 hubadilishi kitu. Ukiiuza 800, mfuko unaoishia wote kwa robo unaleta 156,800 na faida inakuwa 18,300. Ndiyo maana vipimo vidogo ndiyo roho ya duka la mtaani: mteja ananunua kulingana na fedha aliyo nayo leo, nawe unalipwa kwa kazi ya kupima. Fanya hesabu hiyohiyo kwa dumu la mafuta la lita 20, kwa mchele, kwa maharage. Mafuta huacha mengi kwenye kipimo na kwenye kuta za dumu. Liache dumu limeinama juu ya kopo usiku kucha kabla ya kulitoa.

Mizani ihakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo na stika yake ionekane. Mizani inayopunja mteja itakufukuzia mtaa mzima siku mama mmoja atakapopima unga wako kwa jirani. Na inayomzidishia mteja inakula faida kimyakimya.

Usishindane na duka la jirani kwa bei ya sukari au unga. Bei za vitu hivyo kila mtu anazijua, na ukishusha 100 naye atashusha, mwishowe mtauza wote bila faida. Shindana kwa kufungua saa kumi na mbili asubuhi kabla ya watoto kwenda shule, kwa kuwa na chenji za 50, 100 na 200 muda wote, na kwa kutokuishiwa bidhaa zile za kila siku. Mteja akikosa mafuta ya kula mara mbili kwako, ataanza kupitia kwa jirani hata anapohitaji sabuni.

Daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja la kurasa nyingi linatosha, lenye safu nne: mauzo ya siku, manunuzi, matumizi, na madeni. Kila jioni, kabla ya kufunga, hesabu droo. Asubuhi uliacha chenji 20,000. Jioni una 131,500. Umelipa 4,500 ya maji na LUKU kutoka humo. Mauzo ya fedha taslimu ni 131,500 ukitoa 20,000 ukijumlisha 4,500, yaani 116,000. Ongeza yaliyolipwa kwa Lipa Namba. Andika usiku huohuo; ukisema utaandika kesho utaandika makisio.

Mara moja kwa mwezi hesabu mali yote kwa bei ya kununulia. Kazi hii inachukua nusu siku na wengi huikwepa, lakini ndiyo pekee inayosema ukweli. Tuseme ulianza mwezi na mali ya 1,300,000, ukanunua ya 3,100,000, na mwisho wa mwezi imebaki ya 1,250,000. Iliyotoka ni ya 3,150,000 kwa bei ya kununulia. Kwa faida ya 120 kwenye kila 1,000, mauzo yalipaswa kuwa kama 3,580,000 (gawanya 3,150,000 kwa 0.88). Daftari linasema 3,460,000. Pengo ni 120,000.

Fedha ikipungua namna hiyo, mitaani wengi husema ni chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta fedha za mtu, wanaanza kutafuta mganga. Tafuta kwanza kwenye mambo haya, kwa mpangilio huu: vitu vilivyokwenda nyumbani bila kuandikwa, madeni yasiyoandikwa, kupima kwa mkono mzito, chenji zilizokosewa saa za msongamano jioni, bidhaa zilizoliwa na panya au kuisha muda, na mwisho msaidizi. Ukiweka msaidizi mwanzoni mwa orodha utamfukuza kijana mwaminifu na pengo litabaki palepale.

Daftari lina kazi nyingine pia. Mamlaka ya Mapato (TRA) hukadiria kodi ya mfanyabiashara mdogo kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na ukifika na kumbukumbu una cha kuonyesha pale makadirio yanapozidi hali halisi ya duka. Kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mfano wetu ni 300,000 kila awamu. Weka 10,000 kando kila siku tatu kwenye laini ya simu isiyotumika kwa kitu kingine, na awamu ikifika fedha itakuwepo. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Leseni ya biashara huombwa halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI.

Kukopesha

Duka la mtaani lisilokopesha kabisa ni gumu kuliendesha, hasa unapoishi na watu hao hao, mnazikana na kuchangiana harusi. Ila ujue gharama yake. Mtu akikimbia na deni la 5,000, bidhaa ulizompa zilikugharimu 4,400. Ili kuzirudisha kwa faida ya 120 kwenye kila 1,000, unahitaji kuuza bidhaa za karibu 37,000. Ni theluthi ya siku nzima ya kazi kwa ajili ya deni moja dogo.

Weka kikomo cha duka zima, kisizidi 5% ya mtaji wa bidhaa. Kwa mtaji wa 1,300,000 ni 65,000, na kikijaa hakuna anayekopeshwa mpaka mtu alipe, awe nani. Kikomo cha mtu mmoja kiwe 10,000. Andika jina, namba ya simu, tarehe, kiasi na siku ya kulipa, naye atie saini mbele yako. Kopesha chakula na sabuni tu; vocha na sigara zina faida ndogo mno. Deni la kwanza lisipolipwa, la pili halipo. Anayekuja kuomba kwa huruma mwambie kwa heshima: "Dada, daftari limejaa, likipungua nitakuita." Ukimwonyesha ukurasa wenyewe, mara nyingi hatakasirika, kwa sababu ameona si yeye peke yake.

Mikopo unayochukua wewe

Mkopo wa 300,000 unaorejeshwa 13,000 kila siku kwa siku 30 unasikika mdogo. Jumla ni 390,000, riba ya 30% ndani ya mwezi mmoja. Duka letu la mfano linaingiza faida ya 14,400 kwa siku kabla ya gharama yoyote. Toa 13,000, inabaki 1,400 ya kulipia fremu, umeme, kodi na wewe mwenyewe. Haiwezekani, na ndiyo maana mtu hukopa wa pili kulipa wa kwanza. Mikopo ya kausha damu isitumike kujaza rafu, hata kwa wiki moja.

Kikoba cha watu mnaojuana, au mkopo usio na riba wa halmashauri kutoka kwenye 10% ya mapato yake ya ndani (4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu), ni bora mara nyingi. Wa halmashauri hupitia vikundi na huchukua muda, kwa hiyo uombe mapema wakati huna shida. Mali kauli, yaani bidhaa unazochukua sasa na kulipa baadaye, kutoka kwa muuzaji wa jumla inafaa kwa bidhaa inayokwisha kabla ya siku ya kulipa, kama unga na sukari. Vipodozi na vyombo vya plastiki usivichukue kwa mali kauli. Vitalala miezi na deni halilali.

Mengine ya kuangalia

Kabla ya kukodi fremu, kaa pale siku tatu, saa kumi na mbili hadi mbili asubuhi na saa kumi na moja hadi mbili usiku, uhesabu wanaopita wakiwa wamebeba vitu vya dukani. Uliza aliyekuwepo aliondoka kwa nini. Kumbuka mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita na dalali atataka ya mwezi mmoja, kwa hiyo mwenye 3,000,000 asidhani ana bidhaa za 3,000,000. Baada ya fremu, udalali, rafu, mizani na leseni, hubaki kama 1,700,000. Weka 1,300,000 kwenye bidhaa na 400,000 usiiguse.

Mifuko ya unga na sukari ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, hasa wakati wa masika. Bidhaa inayokaribia kuisha muda itangulie mbele. Kwa Ramadhani, nunua tende, tambi na unga wa ngano wiki mbili kabla, kisha acha kuongeza tambi siku kumi kabla ya Idi.

Ukifanya uwakala wa fedha za simu, mtaji wake uwe na droo yake. Ujumbe unaosema fedha imeingia usiutegemee: angalia salio kwenye menyu kabla ya kutoa fedha au bidhaa, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani. Matapeli hutegemea haraka hiyo.

Duka la pili lifunguliwe pale la kwanza litakapoendeshwa na msaidizi miezi mitatu mfululizo, wewe ukija jioni tu kuhesabu droo, na hesabu ya mali ya kila mwezi isionyeshe pengo linalozidi 1% ya mauzo. Kabla ya hapo utakuwa na mapengo mawili badala ya moja.